Mistari Niliyoiruka Nikimsomea Baba Yako

Leokadia mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema hali yangu ni njema, hofu ni kwako uliye mbali. Basi hali yangu si njema, na wewe hujawa mbali bado. Uko Lumemo kwa bibi yako, umekwenda kumuaga, nami nimekaa hapa barazani Mlabani, cherehani nimeifunika kitenge ili wateja wajue leo sishoni. Ni saa nane mchana. Jioni utarudi, utanikuta nakaanga perege, nitakuuliza bibi hajambo, utanijibu hajambo, tutakula. Kesho asubuhi utakwenda Kivukoni kupanda pantoni. Nina saa chache za kukuambia ninayotaka kukuambia, na kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo nitakulaani, halafu nitashindwa kuirudisha laana yenyewe.

Barua ya baba yako nimeiona.

Sikuwa napekua. Nilikuwa natia kwenye begi lako zile sketi mbili za bluu nilizokushonea kwa ajili ya chuo cha ufundi cha masista kule Mahenge, nikaona soksi imetuna, nikadhani umeficha sabuni. Nikatoa karatasi. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, halafu nikakaa kitandani kwako nikaisoma mara ya nne. Kumbe hakuna chuo. Hakuna masista, hakuna kwenda kujifunza kukata suti. Na mimi mshonaji wa miaka yote nilivyojitapa kwa majirani kwamba mwanangu anakwenda kunizidi! Mama Perpetua wa hapo jirani, tuliyehama naye toka kijijini, nimemchosha masikio kwa habari za chuo chako. Wewe ulikuwa pembeni unachambua mboga, unanisikiliza, unatabasamu. Leokadia, ulikuwa unatabasamu.

Unakwenda Malinyi kwa baba yako, kwenye kanisa lake la maturubai, wanakomwita Mtume. Unakwenda kumsomea. Amemwambia mtu amwandikie kwamba macho yake hayaoni tena maandishi, kwamba anahitaji mtu wa damu yake wa kumsomea, kama ulivyomsomea kule dunguni shambani ulipokuwa mdogo. Macho! Haki ya Mungu nilicheka peke yangu chumbani. Mtu aliyekuwa akisimama kwenye mtumbwi akaona mkia wa samaki kitoga ndani ya maji ya tope! Macho ya Alfonsi hayana ugonjwa wowote. Baba yako hajui kusoma. Hajawahi kujua. Wewe unalijua hilo na mimi nalijua, na miaka yote hii tumekaa nyumba moja tunafichana.

Mimi nilidhani anayejua duniani ni mimi peke yangu. Hilo neno "dunguni" ndilo lililonikalisha kitandani.

Sikuandikii habari za chandarua, wala kuchemsha maji, wala wanaume wa stendi ya Lupiro. Hayo nimekuimbia tangu unanyonya. Nataka kukuandikia jinsi ya kumsomea mtu yule, kwa sababu kazi unayoiendea niliifanya kabla yako, na niliiharibu.

Nilipoolewa nilikuwa na darasa la nne langu la kwa masista, Mpogoro wa mlimani naletwa bondeni kwa Wandamba, siwezi hata kupanda mtumbwi bila kupiga kelele. Baba yako alikuwa tayari katekista wa kigango. Katekista mzee alipokuwa anakata roho alimwachia kazi yeye, kwa sababu ya sauti yake na kwa sababu ya kichwa chake. Kitu Alfonsi akikisikia mara moja kimeingia, hakitoki. Padri alikuwa anafika mara mbili tatu kwa mwaka, na kila akifika alimkuta Alfonsi na kitabu kwapani, sala zote kichwani, watoto wote wanajua Baba Yetu. Nani angemuuliza kama anajua kusoma?

Wiki ya tatu ya ndoa, Jumamosi, nilikuwa napepeta mchele. Akaja na kitabu. "Mama, hebu nisomee hapa, nataka nisikie linavyokaa kwenye sauti ya mtu mwingine." Nikasoma. Jumamosi iliyofuata tena. Ya tatu nikamwambia, "Leo soma wewe, mikono yangu ina pumba." Akaukazia macho ukurasa. Akanitazama mimi. Jasho likamtoka puani, na jua lilikuwa limeshatua kwenye mapaa. Nikajifuta mikono, nikakichukua kitabu, nikasoma. Hatukulizungumza siku ile, na hatukulizungumza tena hadi anaondoka.

Katika yote niliyomsomea, alimpenda Paulo kupita kiasi. Siku moja nilimuuliza, kwa nini Paulo, mbona Petro ndiye mwenye funguo? Akasema, "Petro aliitwa kwa jina lake, ufukweni, watu wanaona. Huyu Paulo alikuwa mtu mbaya, anawatesa watu, akaangushwa njiani, akaamka mtume. Hakuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Hakuna aliyempigia kura. Na mimi sikwenda chuo chochote, Mama Leokadia." Nilipenda alivyosema. Nakuambia ukweli, siku ile nilimpenda mume wangu hadi nikaona aibu.

Wewe unaijua hali ya kule. Mvua zikianza watu wote wanahamia mashambani, kigango kinabaki na vikongwe na mbwa. Makatekista wengine walikuwa wanapumzika miezi hiyo. Baba yako alikuwa anawafuata na mtumbwi, dungu hadi dungu, watu wako juu wanaamia ndege, yeye kasimama chini majini anawasimulia yule mtu aliyepigwa mawe akaamka akaingia tena mjini, aliyeteremshwa ukutani ndani ya kapu, aliyevunjikiwa na jahazi akatokea kisiwani anaokota kuni. Watu walisahau kutupa mawe. Ndege wakashuka. Wanawake wakawa wanampigia kelele, "Katekista, Paulo wako anatumalizia mpunga!" Naye anacheka, anasukuma mtumbwi, anakwenda dungu lingine kuharibu mpunga wa wengine.

Na maneno yote hayo yalikuwa yametoka mdomoni mwangu. Jumapili nilikaa upande wa wanawake, kwenye mkeka, nikawa naisikia sauti yangu ya Jumamosi inatoka kwa mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe niliyoishona mimi. Mwanzoni ilikuwa tamu. Baadaye ikaanza kunikera. Watu wakitoka wanamshika mkono, Katekista leo umetulisha, nami nimembeba mtoto mgongoni na hakuna anayeniona.

Ndipo nikaanza kuruka.

Mara ya kwanza ilikuwa pale Paulo anapotaka wanawake wanyamaze kanisani. Nilifika hapo kidole kikasimama. Nikasema moyoni, ebo, mimi ninayekusomea nikinyamaza wewe kesho utahubiri nini? Nikaruka. Ilikuwa rahisi mno, mwanangu, hata sauti haikutikisika. Nikaruka na pale anapowataka wake watii. Pale anaposema heri asiyeoa, niliruka kwa miguu yote miwili.

Kisha nikaanza kuongeza. Kulikuwa na mjane pale kwetu, mashemeji walimnyang'anya shamba mume hajaoza kaburini. Jumamosi ile nikaingiza mstari kwenye barua ya Wakorintho, kwamba anayechukua shamba la mjane amemvua Kristo nguo. Paulo hajasema hivyo mahali popote. Baba yako alilishika, akalihubiri kesho yake kwa sauti ile yake, na kabla ya wiki kwisha mashemeji walirudisha shamba. Nilitembea kijijini kichwa juu. Nilijiona nimefanya kazi ya Mungu kwa mkono wangu, tena kuliko Paulo mwenyewe. Hapo ndipo nilipoharibika. Kama ule mstari wa mjane ungeshindwa, labda ningeogopa.

Halafu ukaja mwaka wa mdogo wako Kasiani. Mimba ilikuwa kubwa, mpunga unaiva, na baba yako akaanza kusema anataka kwenda mbali, kule kwenye mbuga walikoanza kufika wafugaji na ng'ombe wao, akae nao miezi mitatu. "Paulo alikwenda kwa mataifa," akasema, "mimi nazunguka kwa shangazi zangu tu." Niliogopa. Ningeweza kusema, Alfonsi naogopa, usiende. Ni maneno matatu manne. Sijui kwa nini yalinishinda. Mimi ninayejua kusema na kila mtu! Badala yake, Jumamosi, nilifungua barua ya Wagalatia, nikaweka kidole, nikasoma kitu ambacho hakipo: kwamba Mtume Paulo kila mavuno aliacha kazi ya kuhubiri, akarudi Tarso kumsaidia mkewe shambani.

Mke! Nilimwoza Paulo, mwanangu. Nilimwoza bila hata kumtafutia mshenga.

Machozi yakamlengalenga baba yako. Akauliza, "Hata yeye?" Nikamjibu, "Hata yeye." Hakwenda. Alivuna mpunga ule wote kwa mikono yake, na Kasiani alipozaliwa alimpokea yeye kutoka kwa mkunga. Mwaka ule ulikuwa mtamu kuliko yote niliyoishi na mume wangu, na ulisimama juu ya uongo wangu.

Mwaka uliofuata waliitwa makatekista wote parokiani kwenye semina. Kila mmoja aliambiwa afundishe kidogo, na baba yako akapewa safari za Paulo. Nani angempita? Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na mwenzake aliyekuwepo. Alisimama akazifundisha safari zote, watu wametulia tuli, hadi akafika Tarso. Mke. Mavuno. Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote. Mwalimu wa semina hakucheka, naye ndiye aliyemuua. Alimwambia kwa heshima, "Katekista Alfonsi, tuonyeshe mahali hapo ili nasi tujifunze." Akamwekea kitabu mkononi. Baba yako akafunua. Akafunua tena. Watu wanasubiri. Mtu wa nyuma akasema, "Geuza upande wa pili, labda huyo mke kalala huko." Akakifunga kitabu, akakiweka mezani taratibu, akatoka. Alitembea hadi kwetu siku mbili.

Nilikuwa uani nafua. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Akavuta kigoda, akakaa, akasema, "Mama Leokadia, lete kitabu. Nisomee pale pa Tarso."

Sasa nisikilize, maana barua yote hii nimeiandika ili nifike hapa. Nilikuwa nimeshapewa nafasi. Mtu kakaa mbele yangu, kachoka, vumbi hadi kwenye kope, ananiomba ukweli kwa upole. Nikafuta mikono. Nikafungua Wagalatia palepale. Nikasoma tena, neno kwa neno, uongo uleule, sauti imetulia, kidole kinatembea juu ya mstari. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anakitazama kidole changu. Nilipomaliza akasema, "Ahsante," akaenda kuoga.

Mara ya kwanza nilimdanganya kwa woga, na naamini Mungu anaujua woga wa mwanamke mwenye mimba. Mara ya pili nilimdanganya kwa kiburi. Niliona bora yeye abaki mjinga kuliko mimi niwe mwongo. Hilo ndilo kosa, Leokadia. Yale mengine yote ni utundu tu.

Msimu ule alikuchukua wewe mwende dunguni kuamia. Nilifurahi. Nilidhani aibu ya semina imemfanya akumbuke kwamba ana mtoto wa kike. Nilikuwa nawafungia ugali wa moto kwenye jani la mgomba! Sasa ndiyo najua mlichokuwa mnafanya huko juu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, unasoma vizuri kwa sababu nilikufundisha mimi, kwa mkaa, kwenye mgongo wa ungo. Alikupa Wagalatia ukaisoma tangu mwanzo hadi mwisho, na Tarso ya mke haikuwemo. Kisha akakupa zilizobaki. Ukamsomea wanawake wanyamaze. Ukamsomea ya wake kutii. Ukamsomea na pale Paulo anaposema muda umekuwa mfupi, mwenye mke aishi kana kwamba hana.

Mvua zilipokwisha akaondoka na wale wahubiri waliotoka Malinyi, wasioshika kitabu mkononi, wanaosema Roho anatosha. Hakuniaga. Alimwachia mzee wa pantoni ujumbe wa maneno manne, na mzee yule akaniletea mbele za watu sokoni bila kujua anabeba nini: "Mwambie mama Leokadia, Paulo hakuwa na mke."

Miaka tisa nimejiuliza nani alimsomea. Nilimshuku mwalimu wa semina. Nilimshuku yule mwenzake aliyenisimulia, nikaacha kumwamkia hata kanisani, mtu wa watu. Niliwashuku wahubiri. Kumbe aliyemsomea ndiye niliyekuwa namsuka nywele kila Jumamosi. Umekula ugali wangu miaka tisa, umeniona nikilia, ukanipa kanga nifute machozi, na jambo hilo limekaa chini ya ulimi wako. Na ulipopata nafasi ya kusema, ukaniambia unakwenda kwa masista.

Najua utasema ulikuwa mtoto. Najua. Ulisoma kilichoandikwa, na hakuna dhambi katika kusoma kilichoandikwa. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi na kichwa kimekubali, ila kifua kinakataa. Nimesalitiwa na mume, na aliyemshikia taa ni mwanangu. Siwezi kuandika vingine, maana nimeapa kwamba katika karatasi hii sitaruka kitu.

Alipoondoka nilikifunga kitabu miaka miwili. Nilimchukia Paulo, si kidogo. Nilimwona ndiye aliyenichukulia mume, yeye na safari zake. Tulipohamia hapa Mlabani nikaanza kushona, siku moja mvua imezuia wateja, nikakifungua. Ilikuwa mara ya kwanza namsoma Paulo bila mtu wa kumsomea. Nikafika mahali yuko kifungoni, mzee, ameachwa. Rafiki aliyefanya naye kazi kaipenda dunia, kaenda zake. Siku ya kesi hakuna hata mmoja aliyesimama naye. Na unajua anaomba nini? Anaomba aletewe joho lake aliloliacha kwa mtu, kabla baridi haijaanza. Na vitabu. Mtume mzima anaomba nguo ya baridi! Nililia juu ya kitambaa cha mteja. Kwa mara ya kwanza nikaona yule ni mtu, tena mshonaji mwenzangu, maana alijilisha kwa kushona mahema huku anahubiri.

Nikagundua na kingine. Mwishoni mwa barua zake kuna salamu, majina na majina, fulani msalimuni, fulani msalimuni. Hizo sikuwahi kumsomea baba yako hata siku moja. Sikuziruka kwa hasira, niliziruka kwa uvivu, chungu kiko motoni. Na humo ndimo tulimokuwa tumekaa wanawake wote. Fibi, aliyepewa sifa mbele ya Warumi wote, na wanasema ndiye aliyewabebea barua ile. Priska na mumewe Akila, wanashona mahema na Paulo chumba kimoja. Na Tertio, aliyeishika kalamu Paulo anasema, akajipenyeza mwishoni akatia salamu yake mwenyewe: na mimi niliyeandika nawasalimu. Alisema waziwazi kwamba hiyo ni yake. Hakuificha ndani ya maneno ya mtume. Nilikaa na mstari huo mchana kutwa. Kumbe nafasi yangu ilikuwepo tangu zamani, na ilikuwa ya heshima, na mimi niliiruka kwa sababu ya maharage.

Neema nayo. Neno hilo liko katika kila barua yake, nimelitamka mara nyingi kuliko jina lako. Kwamba mtu hapati kibali kwa kazi ya mikono yake, anapewa tu. Nimelisoma kama mtu anayesoma bei ya sukari. Mimi nilikuwa naamini nitamshika Alfonsi kwa kazi yangu: nisome, nishone, nipike, nimtengenezee Paulo atakayembakiza nyumbani. Na kuna swali moja sijawahi kuthubutu kuliandika hadi leo. Mbona sikumfundisha kusoma? Wewe nilikufundisha kwa mkaa na ungo katika msimu mmoja. Yeye mwenye kichwa kile angehitaji wiki ngapi? Sikumfundisha kwa sababu siku ambayo angejua, Jumamosi zangu zingekwisha. Nilimwacha gizani ili aendelee kunishika mkono.

Basi ukifika Malinyi, jambo la kwanza mfundishe. Atakataa, atasema macho. Mwambie mama anasema macho yako yaliona kitoga kwenye tope. Na kabla hajajua, msomee yote. Utaona huruma, utafika mahali pa kumchoma, utatamani kuruka. Au utaona watu wa maturubai wanaonewa, nawe una neno zuri la kuwatetea, litakalosikika vizuri likitoka kwa mtume. Ukiwa na neno lako, funga kitabu kwanza. Mtazame usoni. Sema, "Baba, hili ni langu." Likikataliwa, likataliwe likiwa lako.

Sijamsamehe. Naliandika hili ili usije ukanisomea vinginevyo. Paulo alikuwa akiondoka kila mji, sawa, lakini aliandika. Aliwakumbuka kwa majina watu aliowaacha. Ile barua iliyokuwa kwenye soksi nimeigeuza mbele na nyuma, nimeinyanyua hata kwenye mwanga. Amemsalimu bibi yako. Amemsalimu Kasiani ambaye hata sura yake ya sasa haijui. Amemsalimu na Mama Perpetua! Jina langu halimo, ila pale anapokuambia usimwambie mama yako.

Sitakuzuia. Sketi zichukue, nimezishona kwa mapenzi na kiuno ni chako, hazitamfaa mwingine. Chini yake nimeweka kitabu changu, kilekile. Ukikifungua utaona misalaba midogo ya penseli pembezoni. Kila msalaba ni mahali niliporuka au nilipoongeza, nimeitia yote, na pale kwenye Wagalatia nimeandika kwa wino neno kwa neno nilichomsomea, mara mbili, kama nilivyomsomea mara mbili. Mwonyeshe. Hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu misalaba.

Na barua hii msomee. Nimekuandikia wewe, lakini tangu mstari wa kwanza nilijua itafika kwake kwa sauti yako, na sauti yako ni kama yangu ya zamani, watu wote wanasema. Msomee mchana, akiwa ametulia, watu wake wasiwepo. Msomee pa woga na pa kiburi. Msomee na pale niliposema sijamsamehe. Kama hujui uanzie wapi, anzia hapa mwisho, mahali ambapo Paulo alikuwa anamnyang'anya mwandishi kalamu aandike maneno mawili kwa mkono wake mwenyewe, ili watu wajue kweli yametoka kwake.

Naona vumbi la baiskeli barabarani, labda ni wewe unarudi. Perege sijawaparua.

Mimi mama yako Skolastika nimeandika kwa mkono wangu. Msalimie Alfonsi. Hapo usiruke.